Majengo ya Kale: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Toleo lililopita tulichapisha picha za Kolmanskop, mji wa wachimba almasi uliobaki mahame katika jangwa la Namibia. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Moshi na Arusha, zilianzia Kolmanskop zikaishia kwenye nyumba ya babu. Tunajibu baadhi yake hapa.

Nyumba za Kolmanskop zimejaa mchanga hadi madirishani, lakini rangi ya ukutani bado inaonekana na sakafu za mbao bado zipo. Kwetu jengo la enzi hizo hizo za Mjerumani likikosa mtu miaka michache tu linaanza kuanguka. Je, kule walijenga vizuri zaidi?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Hapana, ndugu yetu. Ufundi ulikuwa ule ule. Tofauti ni mvua. Lüderitz, bandari iliyo kilomita kama 10 kutoka Kolmanskop, kwa wastani haifikishi hata milimita 20 za mvua kwa mwaka. Moshi hupata kama milimita 900, na sehemu kubwa inashuka kati ya Machi na Mei. Mbao ambayo hailowi haiozi, na lipu isiyonyonya maji haibanduki.

Kwa waliokosa toleo lile: mwaka 1908 Zacharias Lewala, kibarua wa reli, aliokota jiwe linalong'aa alipokuwa akiondoa mchanga kwenye njia ya treni, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Utajiri ulikwenda kwa wengine, lakini jina la Lewala ndilo linalostahili kutajwa kwanza. Muda si mrefu pakawa na hospitali, kiwanda cha barafu na ukumbi wa burudani, katikati ya jangwa ambalo hata maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Mwaka 1928 zikapatikana almasi nyingi zaidi upande wa kusini, karibu na mahali mto Orange unapoingia baharini. Watu wakafuata almasi, na wa mwisho waliondoka mwaka 1956. Miji ya madini ndivyo ilivyo: jengo linatunzwa kadiri mwamba unavyolipa, mwamba ukikoma hakuna anayepanda tena juu kuzibua gata. Hata hapa kwetu, Sekenke, Singida, palikuwa na mgodi wa dhahabu wa Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kutengeneza sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916.

Lakini jangwa nalo lina madhara yake. Upepo wenye mchanga unachuna mbao na kufuta rangi upande unaopigwa. Mchanga ukijaa chumba kimoja, unausukuma ukuta ambao haukujengwa kuzuia mzigo wa pembeni. Anayetaka kuutoa hatakiwi kumaliza chumba kimoja ndipo aingie cha pili: unashushwa pande zote mbili za ukuta kwa pamoja, futi moja moja. Mwaka 1980 kampuni ya De Beers ilikarabati baadhi ya majengo ya Kolmanskop ili watalii wayaone, mengine yakaachiwa mchanga. Sisi tunaona ni uamuzi wa busara. Fedha chache zikigawanywa kwenye majengo yote, hakuna hata moja litakalopona.

Sasa jengo la Moshi au Arusha lililofungwa. Uharibifu wake una mpangilio, na unaanzia juu. Majani yanaziba gata. Maji yanamwagika mahali pamoja, kila mvua, mahali pale pale. Ukuta wa hapo unalowa, kichwa cha boriti kilichoingia ukutani kinaoza, kenchi inakaa upande, bati linaachia misumari, na hapo ndipo maji yanapoingia ndani kabisa. Mchwa hufuata unyevu huo. Kwa hiyo kama una nyumba ambayo hakuna anayekaa, kazi mbili tu zinairefushia maisha: safisha gata mwisho wa Februari na mwisho wa Oktoba, kabla ya masika na kabla ya vuli, na ng'oa kila mche wa mkuyu unaoota kwenye ufa ungali mdogo kama kidole. Ukishanenepa, ukiuvuta unatoka na mawe.

Nimerithi nyumba ya mawe yenye kuta nene za futi moja na nusu. Mwaka 2019 fundi alibandua lipu ya zamani akapiga ya saruji, tukapaka rangi ya mafuta. Leo lipu inavimba na kudondoka vipande vizima, na ndani kuna unga mweupe hadi usawa wa kiuno. Fundi mwingine anasema tupige saruji nzito zaidi na dawa ya kuzuia maji. Tufanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Kiboriloni, Moshi*

Mama yetu, usipige saruji nzito zaidi. Ukifanya hivyo utarudia gharama hizo hizo, na safari ijayo jiwe lenyewe litakuwa limeliwa.

Ukuta wako umejengwa kwa mawe na udongo au chokaa, na chini hauna kizuizi cha unyevu kama cha nyumba za siku hizi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta. Zamani yalikuwa yanatoka kupitia lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa ina vitundu vinavyopitisha mvuke. Saruji na rangi ya mafuta vimeyafungia. Yakikosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu. Chumvi ikiganda inatanuka, na ndiyo inayoisukuma lipu. Huo unga mweupe ndio chumvi yenyewe.

Anza na maji, usianze na lipu. Zunguka nyumba wakati mvua inanyesha. Tazama gata linavuja wapi na maji ya paa yanaanguka umbali gani kutoka ukutani. Kisha pima usawa wa ardhi ya nje. Nyumba nyingi za Moshi zimezungukwa na tabaka za kifusi na zege zilizoongezwa miaka hadi miaka, mpaka nje pakawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20. Kama kuna jamvi la zege lililobana ukuta, kata ukanda wa sentimita 30 kando ya ukuta, chimba mtaro wa kina cha sentimita 40, jaza kokoto kubwa, na uupe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hadi mahali maji yanapoweza kutokea. Usichimbe chini ya kitako cha msingi. Misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi, kwa hiyo fungua kwanza shimo dogo la kupimia.

Baada ya hapo bandua saruji. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo; panaposikika uwazi ndipo pa kuanzia. Tumia tindo pana na nyundo ndogo, ukilaza tindo na si kuisimamisha. Mashine ya kutoboa isiguse ukuta huu. Pale saruji iliposhika mno hata inaondoka na uso wa jiwe, iache kwanza.

Acha ukuta wazi msimu mzima wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Ukuta mnene hukauka polepole, kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo hautakauka wote, lakini sehemu ya nje itapumua. Chumvi itaendelea kutoka. Ifagie kwa brashi kavu, ikusanye kwenye kipande cha turubai, uitupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Sasa chokaa. Nunua chokaa ya unga ya kujengea, ile inayotoka Tanga ni nzuri, na usikubali iliyokaa dukani hadi mfuko ukawa mgumu. Kwa mita 10 za mraba, lipu ya unene wa sentimita 2 kwa jumla, utahitaji mifuko 2 ya kilo 25 na ndoo 11 za lita 20 za mchanga. Jaza maji kwenye pipa la plastiki kwanza, ndipo umwage chokaa ndani huku unakoroga, mpaka upate uji mzito unaokaa kwenye mwiko bila kuchuruzika. Acha maji ya vidole viwili juu yake, funika, ukae angalau siku moja. Wiki mbili ni bora zaidi. Vaa miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Osha papo hapo kwa maji mengi na uende hospitali.

Vipimo ni uji wa chokaa 1 kwa mchanga 3. Kipimo hicho kina sababu: mchanga mzuri una nafasi kati ya punje inayokaribia theluthi moja ya ujazo wake, na chokaa inajaza nafasi hiyo. Mchanga uwe wa mto, wenye ncha, umeoshwa. Ujaribu kwenye chupa ya maji: tikisa, acha utulie, udongo unaotuama juu ukizidi kidole kimoja kwa chupa nzima, mchanga uoshwe tena. Usiongeze maji unapochanganya. Ponda na kukanda kwa koleo hadi mchanganyiko ulainike wenyewe; mafundi huona ni mkavu mno dakika kumi za kwanza, wakavumilia unakuja vizuri.

Kwanza jaza viungo kati ya mawe. Kwangua kilicholegea hadi kina mara mbili ya upana wa kiungo, nyunyizia maji, shindilia. Panapozidi upana wa vidole viwili weka vipande vya mawe, usijaze chokaa tupu. Kisha lipu ya kwanza, milimita 10 hadi 12, juu ya ukuta uliolowanishwa usiku uliotangulia na tena asubuhi. Ikishika kiasi cha kucha kuacha alama lakini kidole kisizame, ichorechore kwa ubao wenye misumari. Ya pili, milimita 8, iingie baada ya wiki moja au zaidi. Ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta siku 5 hadi 7, na nje kinga jua kwa turubai.

Kazi hii huharibika kwa sababu chache, na zote zinajulikana. Lipu inayobaki unga ukiigusa imekauka haraka mno: chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, na hilo halifanyiki bila unyevu. Lipu yenye nyufa kama ramani imepigwa nene kwa mkupuo mmoja, au ilikuwa na maji mengi. Na fundi atakayekwambia "tutie saruji kidogo tu iwahi kushika", mkatalie. Hicho kidogo kinatosha kuidhoofisha chokaa, wala hakitoshi kuwa saruji.

Kwa mita moja ya chini, inayorukiwa na matone ya mvua, kuna njia bora ambayo watu wa Kilimanjaro na Meru wamekalia malighafi yake: majivu ya volkano. Yachekeche kwa wavu laini, changanya chokaa 1, majivu 1, mchanga 2. Mchanganyiko huu hushika hata penye unyevu. Majivu hayafanani kila korongo, kwa hiyo piga kwanza kipande cha futi mbili, ukisubiri mwezi mmoja ndipo uendelee.

Malizia kwa kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukikauka siku nzima. Rangi ya mafuta isirudi.

Nina ufa kutoka pembe ya dirisha hadi darini. Nizibe?
*Msomaji, Kaloleni, Arusha*

Bado. Chora kwa penseli mstari mwembamba mwanzoni na mwishoni mwa ufa, andika tarehe, pima upana wake mahali patatu, rudia kila mwezi kwa mwaka mmoja ili upite masika na kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kidogo kwa majira, chini ya milimita 2, zibe kwa chokaa laini. Unaoongezeka bila kurudi, au uliozidi milimita 5, muite mhandisi kabla ya fundi. Hapa Arusha angalia pia mti mkubwa uliopo karibu, na bomba la maji linalovuja chini ya msingi; mara nyingi jibu liko hapo.

Mimi ni fundi. Nimepata kazi ya kukarabati nyumba za wafanyakazi kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Zina fremu za mbao na kuta za bati, nyingine zina paa la vigae vya kijivu vigumu. Kuna rundo kubwa la mchanga laini karibu, nikautumie kuokoa gharama?
*Fundi, Sakina, Arusha*

Usiuguse mchanga huo, fundi. Hayo ni mabaki ya mwamba uliosagwa. Machimbo ya zamani yalitumia zebaki na sianidi, na mwamba wenyewe mara nyingi una aseniki. Tena una madini ya salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi na chumvi zinazokula chokaa na saruji, kwa hiyo hata kama afya isingekuwa hoja, kazi yako isingedumu. Leta mchanga wa mto. Watoto wasicheze hapo, na sakafu ya kinu cha zamani isifagiliwe kavu.

Hayo mabamba ya kijivu, kama ni ya miaka ya 1980 kurudi nyuma, yachukulie kuwa ni asbesto, madini yenye nyuzi laini zinazodhuru mapafu, hadi ithibitishwe vinginevyo. Usiyakate, usiyatoboe, usiyasugue kwa brashi, usiyatupe kutoka juu. Yakiwa mazima na yamekaa vizuri, salama yake ni kuyaacha. Yakilazimika kutoka, wasilianeni kwanza na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kuhusu utaratibu wa kuyazika. Yaloweshwe maji, misumari ing'olewe badala ya kuvunja bamba, yashushwe mazima, yafungwe kwa plastiki nene ya tabaka mbili. Kitambaa cha puani hakizuii nyuzi zake. Tafuta barakoa za daraja la FFP3. Rangi za mafuta za zamani nazo mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu: zikwangue zikiwa mbichi kwa maji, kamwe usipige msasa mkavu.

Bati za ukutani usizitupe kwa sababu ya kutu ya juu juu. Mabati ya zamani ni mazito. Kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, na geji 32 ukiliweka hapo litapinda kwa bega la mtu. Lililotoboka badilisha kwa geji 26 lenye migongo ya kipimo kile kile; beba kipande cha zamani dukani ukalinganishe. Kinachooza kwanza kwenye nyumba hizi ni mbao ya chini kabisa inayolala kwenye msingi. Chomeka kisu: kikizama zaidi ya sentimita 1, kata hadi kwenye mbao nzima na uunge kipande kipya kwa bolti, kisha acha nafasi chini ya bati maji yatoke.

Ndugu zangu wanataka kubomoa nyumba ya familia iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wajenge maduka. Je, sheria haiilindi kwa kuwa ni ya kale?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Kwa umri pekee, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Milango na fremu zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki hulindwa zikiwa za kabla ya 1940. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa sasa ukakua kuizunguka, kwa hiyo karibu mji wote uko nje ya tarehe ile ya 1863. Tunaliona hili ni pengo kubwa. Jengo la karne ya 20 linalindwa likitangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana.

Unachoweza kufanya ni kuandika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, nakala kwa Manispaa. Ambatanisha picha za pande zote nne, vipimo vya vyumba, mwaka wa ujenzi na ushahidi wake, na majina ya walioishi humo. Kumbusha familia pia kwamba ujenzi mpya unahitaji kibali cha Manispaa, na waambie kuna njia ya kati: kuacha jengo la mbele kama lilivyo, likafanywa duka, na kujenga jipya uani. Peleka mchoro wa fundi siku ya kikao cha ukoo. Watu hubadilika wakiona mchoro na hesabu kuliko wakisikia maombi.

Ninafundisha historia kidato cha pili. Wanafunzi wataangalia nini kwenye majengo ya Arusha na Moshi, zaidi ya kupiga picha?
*Mwalimu, Arusha*

Mwalimu, anza na Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 na sasa ni makumbusho. Waulize kwa nini ngome ya kijeshi iliwekwa pale, nani alibeba mawe yale, na alilipwa nini. Wapime unene wa ukuta dirishani kwa futi kamba. Kisha Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni. Hapo jengo ni la kawaida, uzito uko kwenye kilichoamuliwa Januari 1967. Moshi wapeleke stesheni, waone jinsi mitaa ilivyopangwa kuielekea reli. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, miaka 18 baada ya Moshi, na swali zuri la kuwapa ni kahawa ya Arusha ilisafirishwaje katika miaka hiyo.

Wagawe watanowatano na kila kundi lishike kitu kimoja: paa, ukuta, madirisha, maji yanakopita. Wachore kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa nusu mita, waweke alama nyekundu kila wanapoona unyevu. Omba ruhusa kwa barua wiki mbili kabla, hasa stesheni, na uandike wazi idadi ya wanafunzi na kwamba mtapima.